Picha ya Ayuba, na Wale Wawili Wasiochorwa

Ndugu wasomaji, yamezuka mabishano kati yetu walimu hapa Mvumi, nayo yametokana na picha moja. Rafiki yetu alituletea nakala yake, iliyopigwa chapa juu ya karatasi nzuri, ili tuitundike ukutani katika darasa la wakubwa. Kabla hatujapata hata msumari, tukagawanyika. Mwalimu mmoja alisema itundikwe upesi, maana ni mara chache watoto wetu kuuona uso wa Mwafrika uliochorwa kwa heshima katika zama zile za kale. Wa pili akasema isitundikwe, kwa kuwa mtu huyu amevaa Kurani kifuani, na watoto wetu ni wana wa Wakristo. Wa tatu naye akakataa, lakini kwa sababu nyingine: mtu huyu, akasema, alikuwa muuza watu. Tuliona si vema kuamua kwa haraka. Basi tumeitazama picha kwa siku nyingi, tumesoma habari zake, na leo twawaletea hukumu yetu pamoja na sababu zake, nanyi mpime wenyewe.

Picha yenyewe ilichorwa Uingereza mwaka 1733, kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Mchoraji ni William Hoare, ambaye wakati ule alikuwa bado kijana, na ambaye baadaye, mwaka 1768, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London. Si picha kubwa. Urefu wake haufiki mita moja. Aliyechorwa ni Ayuba Suleiman Diallo, mtu wa Afrika ya Magharibi, mwenye umri wa miaka kama 32. Twamwona kuanzia kichwa hadi kifuani. Amevaa joho jeupe na kilemba cheupe, na shingoni ametundika kitabu chenye rangi nyekundu, ambacho ni Kurani. Uso wake ni mwembamba na mtulivu. Macho yake yanamwelekea mtazamaji moja kwa moja, bila woga na bila kiburi, kama mtu aliyekaribishwa barazani na sasa anangoja kusikia utasema nini.

Ili msomaji ajue thamani ya jambo hili, sharti kwanza ajue desturi ya wachoraji wa Uingereza wa siku zile. Mwafrika hakuwa mgeni katika picha zao, lakini mahali pake palikuwa pembeni. Bwana au bibi alichorwa katikati, naye mtoto mweusi akasimamishwa ukingoni ameshika sinia la matunda, au ameinua macho kumtazama bwana wake, mara nyingine akiwa na kola ya fedha shingoni kama mbwa wa nyumbani. Aliwekwa pale ili kuonyesha utajiri wa mwenye nyumba, wala jina lake halikuulizwa. Katika picha ya Hoare hakuna bwana wala sinia. Mwafrika yupo katikati, yupo peke yake, na jina lake lajulikana. Wataalamu wasema kwamba ni picha ya mafuta ya kwanza ijulikanayo, iliyochorwa Uingereza, ya mtu aliyekuwa mtumwa akawekwa huru.

Sasa na tusimulie jinsi alivyofika mbele ya mchoraji. Ayuba alizaliwa Bundu, nchi iliyo leo katika Senegali, katika jamaa ya Wafulani waliokuwa walimu wa dini ya Kiislamu. Mwanzoni mwa mwaka 1731 baba yake alimtuma kwenda mto Gambia, ambako merikebu ya Waingereza ilikuwa imetia nanga. Alitumwa kufanya mambo mawili: kuuza watumwa wawili, na kununua karatasi. Hakupatana bei na nahodha, ambaye jina lake lilikuwa Pike. Ayuba akavuka mto, akawatoa wale watu wawili kwa watu wengine, naye akapewa ng'ombe. Alipokuwa akirudi, alipumzika katika nyumba ya rafiki yake, akatundika silaha zake ukutani. Kundi la Wamandinka likaingia ghafula, likamkamata yeye na mkalimani wake. Wakamnyoa kichwa na ndevu, ili aonekane kuwa ni mateka wa vita, kisha wakampeleka mtoni, wakamwuza kwa nahodha yule yule aliyekataa bei yake siku chache kabla.

Nahodha alimpa ruhusa kupeleka habari kwa baba yake, naye baba alituma watumwa kadhaa watolewe badala ya mwanawe. Lakini walipofika, merikebu ilikuwa imekwisha kutweka. Ayuba akavushwa bahari mpaka koloni la Waingereza la Maryland, lililo leo katika Marekani. Huko alitiwa katika shamba la tumbaku, na mwili wake ulipoishindwa kazi ile, akapewa kuchunga ng'ombe. Alikuwa akijitenga msituni kuswali, na mtoto mmoja wa Kizungu alimfuata, akimdhihaki na kumtupia uchafu usoni wakati wa sala. Mwisho akatoroka, akakamatwa, akatiwa gerezani. Hapo ndipo alipoonana na Thomas Bluett, aliyekuja kuandika habari zake mwaka 1734.

Kilichomwokoa ni karatasi, kitu kile kile alichotumwa kukinunua. Alimwandikia baba yake barua kwa Kiarabu. Barua ile ikapita mikono mingi hadi London, ikamfikia James Oglethorpe, mmoja wa wakuu wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Akaipeleka Oxford ikafasiriwa, na alipojua maana yake aliingiwa na huruma, akaahidi kulipa pauni 45 ili Ayuba aachiliwe na kuletwa Uingereza. Akafika London mwaka 1733, akiwa amejifunza Kiingereza njiani baharini. Aliandika Kurani nzima kwa mkono wake, kwa kumbukumbu tu, tena mara tatu. Akamsaidia mtaalamu Sir Hans Sloane kufasiri maandiko ya Kiarabu. Alipelekwa mbele ya mfalme na malkia, naye malkia akampa saa ya dhahabu. Waungwana wakachanga fedha za kukamilisha uhuru wake. Ndipo rafiki zake wakataka sura yake ichorwe, ili wawe na ukumbusho atakapokuwa amekwenda zake.

Ayuba hakupenda. Katika dini yake aliogopa kwamba sanamu ya mtu yaweza kuabudiwa. Walipomhakikishia kwamba wanaitaka kwa kumkumbuka tu, akakubali, akaketi, na Hoare akachora uso. Kisha mchoraji akauliza, Je, tumvike nguo gani? Ayuba akajibu kwamba avikwe nguo za nchi yake. Hoare akasema kwamba hawezi kuzichora asipoziona, au asipoelezwa na mtu aliyeziona. Ndipo Ayuba akamwuliza, kama mchoraji hawezi kuchora nguo asiyoiona, mbona wako wachoraji wanaothubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna mtu aliyemwona kamwe?

Neno hilo Bluett aliliandika kama mfano wa akili ya Ayuba, na wengi wamelicheka. Sisi twaona lina uzito kupita kicheko. Nasi Wakristo latugusa, kwa maana tumekua na kadi za Jumapili zenye picha za mambo ya mbinguni, na hatujapata kuuliza mchoraji aliyaona wapi. Lakini hapa twataka kulitazama katika kazi ya picha yenyewe. Ayuba hakumwambia Hoare kwamba asichore joho. Alimwambia kwamba asiye na macho ya kuona jambo sharti awe na masikio ya kulisikia kwa yule alijuaye. Hoare akasikia. Joho tunaloliona ni joho lililosimuliwa: mmoja alisema, mwingine akapaka rangi. Katika picha nyingi mchoraji ndiye bwana, naye achorwaye ni kama jiwe lililowekwa mbele yake. Hapa yule achorwaye naye alifanya kazi.

Yafaa pia tuseme kasoro yake, maana kusifu tu si hukumu. Kwa macho yetu, uso na nguo havikuchorwa kwa ujuzi sawa. Uso una uhai. Kivuli kilicho kando ya pua na nuru iliyo juu ya paji ni kazi ya mtu aliyetazama kwa saa nyingi. Joho ni weupe mwingi wenye mikunjo, wala mtazamaji hawezi kujua lilishonwaje, au lilikuwa zito au jepesi. Ni nguo ya mtu aliyeambiwa. Hata hivyo kasoro hii yatupendeza kwa upande wake, kwa sababu ni ya kweli. Hoare hakutia marembo ya kubuni, hakuweka nyoka wala simba wala mitende ya uongo, kama walivyofanya wengi waliotaka kuonyesha Afrika bila kuijua. Alichosikia alikichora, asichosikia akakiacha.

Ndugu msomaji, fikiri jinsi sisi wenyewe tufanyavyo tunapokwenda mjini Dodoma kupigwa picha. Mpiga picha ana koti lake moja limetundikwa msumarini, nalo limevaliwa na wateja wote, wanene kwa wembamba. Twalivaa, twafunga tai iliyofungwa tayari, twakaza shingo, kisha picha ile twaipeleka nyumbani kwa mama. Mama atazama, acheka, asema, Huyu ni nani? Hatusemi kwamba koti ni dhambi. Jacob Wainwright, Myao aliyekuwa mtumwa akaachiliwa, aliyekuwa pamoja na wale waliochukua maiti ya Dokta Livingstone hadi pwani, alipigwa picha mwaka 1874 karibu na jeneza, naye amevaa nguo za Kizungu. Heshima yake haikupungua hata kidogo. Lakini Wainwright alivaa zilizokuwa nguo zake. Neno letu ni kwamba mtu ajue anavaa nini, na kwa nini. Ayuba alikuwa mgeni, maskini wa mali, amezungukwa na watu waliomtendea mema. Ingalikuwa rahisi kwake kukubali koti la wenyeji wake. Akataka ajulikane alikotoka. Hapo tunampa sifa bila kusita.

Basi kama habari ingekwisha hapo, mabishano yetu yangalikwisha pia. Lakini tulipowaonyesha watoto wa darasa la wakubwa nakala ile, na kuwasimulia kama tulivyowasimulia ninyi, wakafurahi sana na kupiga makofi. Kisha binti mmoja, ambaye si mwepesi wa kusema, akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na wale wawili aliokwenda kuwauza, wao walikuwa akina nani?"

Hatukuwa na jibu. Katika habari zilizoandikwa majina yao hayamo. Hatujui kama walikuwa wazee au vijana, wala kama walikuwa na mama aliyewangoja. Twajua tu kwamba walitolewa kwa ng'ombe. Na sisi wa Ugogo twajua ng'ombe ni nini. Twajua jinsi mtu ahesabuvyo kundi lake jioni linapoingia zizini, na jinsi amjuavyo kila mmoja kwa rangi na pembe. Yamkini ng'ombe wale walijulikana hivyo. Watu wale wawili hawakujulikana.

Tena jambo hili halikukoma kwa machozi ya Ayuba. Aliondoka Uingereza mwaka 1734, akafika Gambia katika mwezi wa Agosti. Alipata habari kwamba baba yake amekufa, akalia kwa uchungu. Mmoja wa wake zake alikuwa amekwisha kuolewa na mwingine, kwa kudhani kwamba Ayuba hatarudi, naye akamsamehe. Hakumsahau mkalimani aliyetekwa pamoja naye. Mtu yule naye akakombolewa, akarudi Afrika miaka michache baadaye. Haya yote ni mazuri. Lakini Francis Moore, karani wa kampuni aliyekuwa pale mtoni, aandika kwamba Ayuba, katika mali alizorudi nazo, alinunua farasi, na mwanamke mtumwa. Mtu aliyenyolewa kichwa na kuuzwa, aliyetupiwa uchafu akiswali, alirudi kwao akanunua mtu. Akafa mwaka 1773, na hatujaona neno lolote lisemalo kwamba aliuchukia utumwa wenyewe. Aliuchukia ulipomshika yeye na jamaa yake.

Mwalimu wetu wa tatu aliposikia hayo alisema, "Mmeona? Itupeni." Nasi tungependa kumjibu kwa heshima. Kwanza, waliomwachilia Ayuba hawakuwa tofauti naye. Kampuni ile ya Oglethorpe ndiyo iliyosafirisha maelfu ya watumwa kutoka Afrika. Huruma yao ilimfikia mtu mmoja aliyejua kuandika; wale wasiojua kuandika walibaki katika tumbaku. Pili, na hili latuuma zaidi, sisi nasi hatukukaa mbali. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka bara hadi Bagamoyo ilipita katika nchi yetu ya Ugogo. Stanley alipopita hapa Mvumi mwaka 1871 alilipa hongo kwa mtemi, kama walivyolipa wenye misafara wote, kwa ajili ya maji na njia. Misafara ile ilichukua pembe za ndovu, na wengine walichukua watu wenye minyororo. Hongo ilipokelewa, nguo zikagawanywa, na msafara ukaruhusiwa kupita. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa katika Tanganyika ukafutwa kwa sheria mwaka 1922. Babu zetu walikunywa maji ya visima vile vile walivyonywa mateka, wala majina yao hawakuyauliza. Tukiitupa picha ya Ayuba kwa sababu alitazama na kunyamaza, tutatundika picha ya nani?

Kwa mwalimu wa pili, aliyeogopa kitabu kile chekundu, twasema hivi. Ni kweli Ayuba alikuwa Mwislamu, nasi tu Wakristo. Lakini twaishi jirani na Waislamu, twazikana nao na kuazimana majembe. Mtu aliyeshika sala yake huku akitupiwa uchafu hawezi kumdhuru mtoto wa Mkristo. Amfundisha kushika yake.

Na kwa mwalimu wa kwanza, aliyetaka itundikwe upesi kwa furaha tu, twasema kwamba furaha yake ni halali, ila haitoshi. Kosa la watazamaji wengi ni kudhani kwamba picha nzuri ni ushahidi wa mtu mwema. Picha nzuri ni ushahidi kwamba mtu alitazamwa vizuri. Hoare alimtazama Ayuba kama mtu, wala si kama mali, na kwa hiyo twaweza kumwona leo, baada ya miaka karibu 300. Wale wawili hawakupata wa kuwatazama hivyo. Hata Ayuba mwenyewe hakuwatazama hivyo. Ubora wa picha hii, kwa hiyo, una kazi mbili. Watuonyesha uso mmoja, na ukiutazama sana, watufundisha kuziona nyuso zisizokuwapo. Kama Ayuba angalichorwa vibaya, kama kijakazi wa pembeni, yule binti asingaliuliza swali lake. Aliuliza kwa sababu amemwona mtu kamili, na aliyemwona mtu mmoja kamili hawezi tena kusikia habari ya watu wawili wasio na jina akaridhika.

Picha ya asili ilikuwa haijulikani iliko kwa muda mrefu sana. Mwaka 2009 ikatokea mnadani London, ikanunuliwa na makumbusho ya Qatar kwa zaidi ya pauni 500,000. Serikali ya Uingereza ikaizuia kwa muda isitoke, watu wakachanga fedha ili ibaki, na mwisho wenye mali wakakubali kuiazima kwa Jumba la Taifa la Picha za Watu, London. Fikirini jambo hilo: mtu aliyenunuliwa kwa pauni 45, sura yake imeuzwa kwa nusu milioni. Bei imepanda, lakini bei haijatuambia lolote juu ya mtu. Hilo latubidi kulitafuta kwa macho yetu.

Basi hukumu yetu ni hii, na walimu wenzetu wameikubali, hata yule wa tatu, ingawa alikubali akitikisa kichwa. Picha imetundikwa. Tumeiweka chini kidogo, usawa wa macho ya mtoto. Chini yake pana karatasi iliyoandikwa na yule binti kwa hati yake mwenyewe. Imetaja jina la Ayuba, na la Hoare, na mwaka. Kisha mstari wa mwisho wasema kwamba walikuwako wengine wawili siku ile, na kwamba sisi wa darasa hili hatuyajui majina yao, nasi tunasikitika kwamba hatuyajui. Mzazi apitaye Mvumi na aingie aione, asome karatasi, kisha atuambie kama tumekosea.